Kiebrania katika Elimu ya Juu ya Ituri

Kiebrania, lugha ya Kisemiti ambayo kwayo limeandikwa karibu Agano la Kale lote, kimefika Ituri, mkoa wa kaskazini mashariki mwa Kongo, kupitia makanisa, na kwa upande wa Waprotestanti njia yake ilipita Marekani. Huko, Chuo cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilikifanya somo la lazima, na mwalimu wake Judah Monis alichapisha mwaka 1735 sarufi ya kwanza ya Kiebrania kupigwa chapa katika makoloni ya Amerika. Lakini kuelekea mwisho wa karne ya 18 ulazima huo ulilegea, lugha ikabaki zaidi katika shule za wachungaji, hadi masomo ya Kiyahudi yalipopewa viti vya uprofesa, Harvard mwaka 1925 na Columbia mwaka 1930.

Misheni ya Africa Inland, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1895 na kuingia Kongo mwaka 1912, ilifuata mkondo wa wachungaji. Kanisa lililozaliwa nayo, CECA 20, ni mojawapo ya yale yaliyo nyuma ya chuo cha teolojia cha mwaka 1961 ambacho tangu 2007 huitwa Université Shalom de Bunia. Fataki, mji mdogo wa Djugu kaskazini ya Bunia, una historia nyingine: seminari yake ndogo, yaani shule ya sekondari ya vijana wanaoelekea upadre, ni ya Kikatoliki, na katika desturi hiyo Kilatini kilitangulia, ingawa Papa Pius XII alikuwa amehimiza mwaka 1943 Maandiko yasomwe katika lugha zake za asili.

Kazi ambayo huko Marekani Kiebrania hakikuhitajika sana kuifanya, huku ni ya lazima, nayo ni kutafsiri katika lugha za wenyeji. Maandishi ya kale yaliandikwa kwa konsonanti tu, na alama za irabu ziliongezwa na Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 7 hadi ya 10. Bila alama hizo, herufi zilezile d, b na r husomeka «neno» au «tauni». Kwa msemaji wa Kilendu jambo hili si geni kabisa, kwa kuwa wanaisimu wameeleza lugha yake kuwa na silabi zisizo na irabu, ambamo s au z hubeba toni yenyewe. Lugha hiyo ni ya Walendu na pia ya Wahema wa kaskazini, wakiwamo wa Fataki, hivyo tafsiri moja husomwa na jamii mbili zilizopigana katika vita vya 1999 hadi 2003, na mfasiri hana budi kulipima kila neno kwa masikio ya pande zote mbili.

Kati ya wasomi waliotokana na mazingira haya anajulikana zaidi Bungishabaku Katho, aliyewahi kuwa rekta wa chuo hicho cha Bunia, ambaye insha zake kuhusu kitabu cha nabii Yeremia, zilizotoka mwaka 2021, hukisoma kitabu hicho kwa kukihusisha na siasa na jamii ya Afrika.