Umerudisha? Waliookoka wa Gahini na kipimo chao cha matunda



Leo naomba tuzungumze kidogo habari ya kuzaa matunda, yale ambayo Wakristo husema mti hujulikana kwayo. Mahubiri juu ya jambo hili yamejaa kila kona, huku ughaibuni na kule nyumbani, na mengi yanaishia moyoni tu: usali zaidi, usome zaidi, utulie zaidi. Mie ni mtu wa historia, sina chombo cha kupimia moyo. Lakini katika Afrika Mashariki walikuwepo watu waliouliza kwa ukali, huyu amekua kiroho au amepiga kelele tu? Wakalijibu swali hilo kwa vitu vinavyohesabika: fedha, ng'ombe, shuka za hospitali, kodi iliyokwepwa. Hao ndio walioitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka. Naona kipimo chao kilikuwa kizuri kuliko vingi tulivyo navyo leo, ila mkono wake ulikuwa mfupi. Nitaeleza.

Tuanzie Gahini, mashariki ya Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Kilikuwa kituo cha Misheni ya Ruanda, tawi la CMS ya Waanglikana wa Uingereza, lililoanzishwa na madaktari wawili, Arthur Stanley Smith na Leonard Sharp, waliofungua kazi Kabale mwaka 1921. Daktari Joe Church, kijana wa Cambridge, alifika Gahini 1928, na haukupita muda njaa kubwa ikaipiga Rwanda. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula. Hospitali ikaelemewa, wafanyakazi wakachoka, na ugomvi haukwisha. Septemba 1929 Church akaenda Kampala kupumzika, na pale kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi serikalini upande wa afya. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia pamoja. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Mzungu ndiye aliyeleta moto. Kwa ninavyousoma ushahidi, hawa ni watu wawili wenye kiu waliokutana kisimani, na hakuna aliyemtekea mwenzake.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha. Lakini mtu ambaye kisa chake kinanifaa zaidi hapa ni Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi wa hospitali, mwenyeji wa Ankole. Huyu awali hakuwapenda kabisa hawa watu wa wokovu. Mnamo 1931 alikwenda Kampala akamkuta Nsibambi, akamweleza jinsi mambo yalivyoharibika Gahini. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba chanzo cha uharibifu ule kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Fikirieni, mgeni umekuja na malalamiko yako, mwenyeji anakurudishia wewe mwenyewe! Kinuka alirudi Rwanda na neno hilo likimchoma njia nzima, na alipofika akatubu. Hapo hospitali ikaanza kubadilika. Naona asili ya kipimo chote iko pale. Toba ya Kinuka ilitafutwa wodini, kazini kwake, si kanisani.

Kigozi alifariki Kampala Januari 1936 kwa homa ya kupe, siku chache baada ya kwenda kuwahimiza viongozi wa kanisa kwa neno moja la Kiganda, "Zukuka", yaani amka. Mwaka huo huo Gahini na Kigezi zikawaka. Watu walilia, wakatetemeka, wakaimba usiku kucha, wakaota ndoto. Maafisa wa serikali wakaingiwa na wasiwasi, na wamisionari wengine pia. Lakini ndani ya kundi lenyewe kulikuwa na mzani. Machozi hayakutosha kumthibitisha mtu. Waliokuwa mbele walirudia onyo la Yohana Mbatizaji kwa wale waliomjia mtoni Yordani, kwamba toba lazima izae kitu kinacholingana nayo. Swali likawa fupi: umerudisha? Aliyeiba vitu vya hospitali alivirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda boma kulipa, na karani akabaki ameduwaa. Aliyemdhulumu jirani ng'ombe alimswaga mchana, watu wakiona.

Wenzetu Waislamu hapa hawatashangaa, maana wanajua kuwa toba ya haki za waja haikamiliki mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake. Mara nyingine nadhani Wakristo wa Gahini na shekhe wa Lamu wangeelewana juu ya hili upesi kuliko mhubiri wa Gahini na mhubiri wa televisheni wa leo.

Kitu kingine ni kwamba hakuna aliyejipima mwenyewe. Kila juma ndugu walikutana, wakaambiana makosa, wakaita jambo hilo kutembea nuruni, neno walilolitoa katika waraka wa kwanza wa Yohana. Mume alikiri mbele ya mkewe, na daktari Mzungu mbele ya mhudumu wake kwamba alimdharau kwa rangi yake. Katika makoloni ya miaka ya 1930 hilo halikuwa jambo dogo. Paulo anapowaandikia Wagalatia anasema tunda la Roho, kwa umoja, sisi tumezoea kusema matunda kana kwamba kila mtu ana kapu lake. Hawa ndugu, ingawa wengi hawakuwa wanazuoni, waliishi kwa ule umoja.

Ila nuru ile ile ilichoma. Ukiwa na kazi ya kuangalia tunda la mwenzako, siku moja utageuka mpelelezi. Mwaka 1941 katika chuo cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi waliookoka walikuwa wakiamka alfajiri kusali na kuhubiri, na walisema wazi kwamba wakubwa wao wamelala. Uongozi ukapiga marufuku, wao wakakataa kutii, na Oktoba wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwemo William Nagenda. Walikuwa na kiburi? Nadhani kiasi walikuwa nacho. Lakini hawakwenda kuanzisha kanisa lao. Nagenda alibaki ndani ya kanisa lililomkatalia upadri, akahubiri nchi nyingi akiwa mlei tu, na hilo nalo liwekwe kwenye mzani. Kwa upande wa Wajaluo mambo yalikwenda vingine. Watu wa upendo, Johera, waligombana na watu wa damu, Joremo, na 1957 Abednego Ajuoga na wenzake wakatoka na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika.

Uamsho ulifika Kabete, Kenya, 1937, na Katoke, kwetu Tanganyika, 1939. Kutoka huko ukaingia kwa Walutheri wa Buhaya, na Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Bukoba na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtoto wake. Nami nilikulia upande huo. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja kwa babu na shilingi zake kwenye kitambaa, akilipia kahawa aliyoichuma gizani shambani mwetu kabla hata baba hajaoa. Babu alikuwa amesahau kabisa. Alizipokea, maana kuzikataa kungekuwa kumnyima mwenzake toba.

Sasa nije kwenye ule mkono mfupi.

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, Wakikuyu waliookoka walikataa kiapo cha Mau Mau, kwa hoja kwamba wameshainywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza nyingine. Wengi walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Wapo waliouawa kwa hilo. Hilo ni tunda, na atakayelidharau simwelewi. Lakini aliyeiba mbuzi alitakiwa amrudishe, na ardhi ya Kiambu je? Walowezi walikuwa wamekalia mashamba ya watu tangu mwanzo wa karne. Katika shuhuda nilizozisoma, Wazungu wanaungama hasira, dharau, ubaguzi. Ekari hazitajwi. Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2012, amewaona watu wa Uamsho kama wapinzani wa uzalendo wa kikabila, watu waliokataa kufungwa na ukoo na mila. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ila mtu anayekataa siasa zote anamwachia mwizi mkubwa nafasi ya kupumua.

Uganda walijitahidi zaidi. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, alipeleka malalamiko ya maaskofu kwa Idi Amin mwenyewe, na akauawa Februari 1977. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, akakimbia na mkewe kwa miguu kuvuka mpaka kuingia Rwanda, kisha akaandika juu ya kumsamehe Amin.

Na Rwanda yenyewe, chimbuko lao? Mauaji ya 1959, wakimbizi waliofuata, halafu 1994. Tusiwe wepesi wa kuhukumu, Waanglikana walikuwa wachache, nchi ilikuwa ya Wakatoliki zaidi. Lakini Gahini iko Rwanda. Miaka ya 1930 na 1940 Wahutu na Watutsi waliookoka walikula pamoja na kuungamiana chuki. Nje ya chumba kile Wabelgiji walikuwa wakiwagawia watu vitambulisho vya kabila, na machifu wakiwasukuma Wahutu kwenye kazi za shuruti. Mhutu aliyetumikishwa alirudishiwa nini, na nani? Hilo halikuwa katika orodha ya dhambi za kuungamwa. Mwaka 1994 baadhi ya viongozi wa juu wa Kanisa la Anglikana waliitetea serikali iliyokuwa ikiua. Mwaka huo huo Israel Havugimana, Mhutu, aliyeongoza African Evangelistic Enterprise nchini humo, shirika ambalo Kivengere alilitumikia miaka mingi, aliuawa siku za kwanza kabisa za Aprili kwa sababu ya kazi yake ya upatanisho. Mwanahistoria hawezi kumchagua mmoja na kumsahau mwingine.

Najua miongoni mwenu wapo ambao wazazi au babu zao walikuwa "ndugu" kule Kigezi, Kabete, Maseno, Bukoba au Burundi. Naomba mnisaidie jambo moja: katika shuhuda mlizozisikia utotoni, yupo aliyewahi kuungama habari ya ardhi au ya utumwa wa kazi, akarudisha?

Wasalaam.