Bunduki ya pembe sita na magobole ya Karagwe

Aisee wadau, ubuyu wa leo ni wa mwaka 1861. Mzungu mmoja anaingia Karagwe mwezi Novemba, anapiga hodi kwa mfalme pale Bweranyange, anapokelewa vizuri mno. Mfalme ni Rumanyika, mzungu ni John Hanning Speke. Wengine kwenye stori hii majina yao hayakuandikwa popote, na hao ndio ninaowataka mimi.

Kwenye mizigo ya Speke kulikuwa na bunduki aina ya Whitworth, ambayo mwaka uliofuata alimpa Kabaka Mutesa wa Buganda. Tundu la mtutu wake si duara, lina pembe sita, na risasi yake ilichongwa kwa umbo hilohilo. Inaingia kama funguo kwenye kufuli.

Gobole sasa! Lile la jeshi la Uingereza lililosambaa dunia nzima lilikuwa na tundu la milimita 19 hivi, risasi yake milimita 17 na nusu. Risasi inacheza humo ndani kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake.

Na wala halikuwa kosa la fundi. Baruti nyeusi huacha masizi mazito. Ukipiga mara chache tundu linapungua, na risasi inayobana ingegoma kushuka. Shida ni kwamba nguvu ya moto inavujia pembeni, risasi inagonga ukuta huku na huku, inatoka ikielekea ilikogonga mwisho. Kundi la askari wakipiga kwa pamoja, poa tu. Ila mwindaji aliye peke yake mbele ya nyati ana risasi moja, na kushindilia nyingine kunachukua karibu nusu dakika. Nyati hasubiri.

Dawa ya zamani ni kitambaa au ngozi laini yenye mafuta, unaizungushia risasi ili ijaze nafasi. Asiye na risasi alitia vipande vya chuma, ambavyo vinakwangua mtutu na kuharibu zaidi. Na kuna hatari wengi hawaijui: risasi iliyolegea ukiinamisha mdomo wa bunduki inateleza mbele, inaacha uwazi kati yake na baruti. Hapo mtutu unaweza kukupasukia usoni.

Mpaka leo kichwa kinawauma wazungu wanaoigiza vita vya kale kwa magobole mapya, mengine yametengenezwa India. Tundu hutokea pana kuliko lilivyoandikwa. Wanaojielewa hawaamini karatasi: wanapima mtutu wenyewe, ndipo wanachagua risasi kubwa zaidi au kitambaa kinene. Mtutu ulioliwa na kutu hauokolewi na kitambaa chochote.

Kwa nini gobole lilidumu kwetu? Mwaka 1890, Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini gobole la jiwe na baruti ya kawaida viliachiwa mlango. Janja ya nyani hiyo.

Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, alikuta bunduki ambayo Speke alimpa Rumanyika imewekwa mahali pa heshima katika nyumba ya hazina, pamoja na sanamu za ng'ombe za shaba. Tangu 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, jirani yake Ibanda-Kyerwa. Ukikutwa humo na gobole la babu begani, andaa wakili.