Sauti Iliyorudi Sikioni

Mvua ya alasiri katika nyanda za juu za Nyamira haina adabu kwa mazungumzo. Huanguka juu ya mabati kwa kishindo, hata watu wawili waliokaa bega kwa bega hulazimika kunyamaza. Hapa Ikonge, ambako chai na migomba hustawi kwa sababu ya mvua hiyo hiyo, mtazamaji wa televisheni huona midomo ikichezacheza asisikie neno. Zamani alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: aongeze sauti mpaka jirani anung'unike, au azime. Siku hizi liko jambo la tatu. Katika nyumba kadhaa utamwona mtu amevaa visikizi visivyo na waya, ambavyo sokoni huitwa hedifoni, ametulia kitini, anacheka peke yake, na mvua kwake si kitu.

Wewe msomaji, uliyezaliwa simu za mkononi zikiwa zimekwisha enea, waweza kudhani kwamba kusikiliza kwa namna hii ni uzushi wa vijana wa leo. Sivyo hata kidogo. Sauti isafirishwayo kutoka mbali ilipoingia nyumbani mwa watu kwa mara ya kwanza, iliingia kwa sikio la mtu mmoja mmoja. Kusikiliza pamoja ndiko kulikokuja baadaye. Mambo haya yafaa tuyatazame kwa utaratibu wake, maana mtu asiyejua mwanzo wa desturi hawezi kuipima vema inapobadilika.

Kuanzia mwaka 1895, katika mji wa London, wenye fedha waliweza kulipa ada na kusikiliza michezo ya kuigiza na mahubiri ya kanisani wakiwa majumbani mwao. Sauti ilipita katika waya za simu, na msikilizaji aliishikilia chombo chake sikioni. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa Utah, Nathaniel Baldwin, aliliuzia jeshi la maji la nchi yake visikizi vya kichwani alivyoviunda kwa mikono yake jikoni kwake. Havikutengenezwa kwa ajili ya starehe. Vilikuwa vya mabaharia waliotega sikio kusikia ishara hafifu za redio katikati ya bahari.

Redio za kwanza za watu wa kawaida huko Ulaya na Marekani zilitumia kipande cha madini badala ya betri. Hazikuwa na nguvu nyingine ila ile iliyomo katika mawimbi yenyewe yaliyonaswa na waya wa juu ya nyumba, na nguvu hiyo ni ndogo mno. Haikutosha kutikisa hewa ya chumba kizima. Ilitosha kutikisa utando mwembamba uliokaribiana na sikio. Sasa zingatia jambo hili, maana mimi hulipenda kuliko yote katika habari hii: watu hawakuridhika kusikia mmoja mmoja. Walivitia visikizi ndani ya bakuli, bakuli likaikuza sauti kidogo, na jamaa wote wakainamisha vichwa vyao kulizunguka. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, nao ni Wamarekani, walieleza namna ya kuunda kipaza sauti chenye nguvu na sauti safi, na kwa sehemu kubwa vipaza sauti vya leo vingali vikifuata njia yao. Bakuli likapumzika.

Matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka 1928. Yalikuwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Mwafrika aliyeyasikia wakati ule huenda aliyasikia kwa kuwa alikuwa akipanga vyombo mezani. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, serikali ya kikoloni iliona kwamba wazee waliobaki vijijini wana vijana wao vitani, na kwamba wasipopewa habari watazitafuta au watazibuni. Ndipo matangazo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji yalipoanzishwa. Magari ya habari yenye vipaza sauti na sinema nayo yalizunguka nchini. Hapo sauti haikumwuliza mtu kama anataka kuisikia. Mtawala alitaka wote wasikie, tena wasikie jambo moja.

Redio zilizofika katika nyumba za Waafrika zilikuja baada ya vita. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri yenye umbo la sufuria, iliyokusudiwa mnunuzi Mwafrika. Mwaka 1954 ikatokea Marekani redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, na katika miaka iliyofuata redio za namna hiyo zikapungua bei na uzito mpaka mkulima wa pareto au kahawa akaweza kununua moja. Tarehe 1 Julai 1964 shirika la utangazaji la Kenya lilitwaliwa na serikali na kupewa jina la Sauti ya Kenya. Matangazo ya Ekegusii yakawa miongoni mwa yale yaliyotoka Kisumu, na redio ikawa inasema na Mgusii kwa lugha ya mama yake.

Uliza wazee wako namna redio ile ilivyoheshimiwa. Iliwekwa mahali pa juu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Aliyeiwasha ni mwenye nyumba, na baada ya taarifa ya habari aliizima ili asimalize mawe. Mawe yalipochoka yaliondolewa yakaanikwa juani, nayo yakarudiwa na nguvu kidogo, ya kutosha taarifa ya jioni. Jirani asiye na redio hakuhitaji mwaliko. Alikuja saa ya habari, akaketi, akasikiliza, akatoa maoni yake, akaenda zake.

Habari zenyewe zilihitaji masikio mengi. Fikiri juu ya matangazo ya vifo, yaliyosomwa kwa majina ya marehemu, ya ndugu zake na ya kijiji chake. Marehemu amefia Nairobi au Mombasa, na watu wake wako Ikonge. Simu hapana, na barua huchukua siku. Si lazima ndugu wa marehemu awe na redio. Yatosha mmoja katika kilima kizima awe amesikia, naye atatembea usiku ule ule kupeleka habari. Vivyo hivyo asubuhi ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipoiteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Mapinduzi yalizimwa, lakini kwa saa kadhaa nchi nzima ilikusanyika redioni, na hakuna aliyetaka kuyasikia maneno yale akiwa peke yake.

Mbotela huyo huyo aliendesha kwa zaidi ya miaka 50, tangu mwaka 1966, kipindi kiitwacho Je, Huu ni Uungwana? Humo alitaja vitendo vya watu, mathalani kuingia pasipo hodi au kupiga kelele mahali pa watu, kisha akawauliza wasikilizaji kama huo ni uungwana. Swali lile halikujibiwa studioni. Lilijibiwa sebuleni, kwa mabishano, redio ikiwa imekwisha ingia katika kipindi kingine. Natamani angaliulizwa juu ya mtu avaaye visikizi mbele ya wageni. Ningependa kujua angalilitia jambo hili katika kipindi au la.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini katika vijiji vyetu ilikawia sana, kwa sababu umeme ulikawia. Aliyekuwa nayo aliiendesha kwa betri ya gari, na betri hiyo ilipelekwa sokoni kutiwa chaji, mara kwa mkokoteni, mara begani mwa kijana. Watoto wa jirani walijaa sakafuni, wengine dirishani, kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Palipokuwa na habari za Kiingereza, aliyesoma alimfasiria bibi kwa Ekegusii, naye bibi akauliza maswali ambayo msomi wakati mwingine hakuwa na majibu yake.

Hapo pakazuka taabu moja ambayo redio haikuwa nayo sana. Abagusii wana sheria ya haya na heshima iitwayo chinsoni. Baba na mwanawe aliyekwisha tahiriwa, mkwe na mke wa mwanawe, hawaoneshani wala hawatamkiani mambo ya chumbani. Mzee haingii hata katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Sasa sanduku hili linawaketisha wote chumba kimoja, kisha bila kuonya linawaletea watu wawili wakibusiana! Utaona mzee amekumbuka ghafula kwamba ng'ombe hawajatazamwa, na binti amekwenda kuleta maji ambayo hayakuitishwa. Watu wengine hudhani kuwa visikizi vimeiponya taabu hiyo. Mimi sioni hivyo. Visikizi huziba sikio, jicho havilizibi.

Vilirudije basi visikizi, baada ya kupitwa na vipaza sauti? Vilirudi kwa njia ya muziki. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, kinanda kidogo cha kanda kinachotembea na mtu, na vijana wa dunia wakazoea kuwa na sauti yao wenyewe njiani. Kisha simu za mkononi zikaueneza mazoea hayo mpaka kwa mchumaji chai. Waya ulikatwa baadaye. Mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson huko Lund, Uswidi, mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alianza kazi ya kuunganisha vyombo vilivyo karibu kwa mawimbi mafupi ya redio, na mwaka 1998 kampuni kadhaa zikaafikiana kuitumia njia hiyo. Waliipa jina la Bluetooth, lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifiwa kwa kuunganisha watu waliotengana. Jina hilo limepachikwa kwenye chombo ambacho hutenga watu wa sebule moja, na nadhani mfalme angalicheka.

Namna ya kazi yake ni hii. Televisheni huikata sauti vipande vipande, huibana, huirusha, na visikizi huipokea, huifumua na kuitoa. Yote hayo hufanyika kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini si bure: mara nyingi picha hutangulia na sauti hufuata nyuma, na mchezaji huupiga mpira kabla hujasikia kishindo cha guu lake. Televisheni nyingine huichelewesha picha kidogo ili ziwe sawa. Mawimbi hayo hufika kadiri ya mita 10, na ukuta au mwili wa mtu huyapunguza nguvu.

Liko jambo jingine, nalo ndilo zito. Televisheni nyingi, mara visikizi vinapounganishwa nazo, hunyamaza. Sauti yote humwendea mmoja. Katika nyumba yenye watu saba na kifaa kimoja, nani awe huyo mmoja?

Usilijibu swali hilo upesi, maana majibu ni mawili na yote yana haki. Mkiwa na kijana aliyejitwalia sauti ya mpira na kuwaacha wengine watazame picha bubu, kilichopotea si sauti tu. Amepotea yule mfasiri wa bibi, na jirani wa kutoa maoni, na mabishano baada ya kipindi. Lakini mko na babu ambaye masikio yamepungua. Kwa miaka amekaa katika sebule ile ile akiona wenzake wakicheka, naye akicheka nyuma yao kwa adabu, bila kujua kichekesho ni nini. Wakiongeza sauti apate kusikia, watoto hawawezi kusoma na mgonjwa hawezi kulala. Mvike visikizi, uone uso wake taarifa ya habari inapoanza. Huyo hakutengwa, alikuwa ametengwa zamani, ila hapakuwa na aliyeona. Kwangu mimi, babu huyu ana haki ya kwanza kuliko kijana, hata ikiwa kijana ndiye aliyenunua.

Hata hivyo babu naye atazame asiongeze sauti bila kiasi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite kadiri ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Chombo kilichookoa sikio kinaweza kulimaliza.

Ziko televisheni zenye uwezo wa kutoa sauti mahali pawili kwa wakati mmoja, katika visikizi na katika kipaza sauti chake, kila upande kwa kiasi chake. Mpangilio huo hufichwa ndani ya orodha ya mipangilio ya sauti, na wazee hawaufikii. Wewe uliye shuleni waufikia. Kabla babu yako hajanunua, mwulize mwenye duka kama televisheni ya nyumbani inaweza kufanya hivyo, na umwombe aoneshe pale pale dukani, sauti ikitoka pande zote mbili. Na vikisha fika nyumbani, usimweke mvaaji akiupa mlango kisogo, kwa maana mgeni atabisha hodi mara tatu, atadhani hapana watu, na atarudi alikotoka katika mvua.