Bunju Nje ya Kitabu: Miongozo ya Wasafiri na Mipaka ya Dar es Salaam

Kitabu cha mwongozo wa wasafiri, yaani kitabu kinachomweleza mgeni njia, malazi, gharama na mambo ya kutazama katika mji asioujua, kilipata sura yake ya sasa barani Ulaya katika miaka ya 1830, pale John Murray wa London na Karl Baedeker wa Koblenz walipochapisha vitabu vya kubebeka vilivyomwezesha msafiri kuzunguka bila kumlipa mwenyeji wa kumwongoza. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuandikiwa mwongozo zamani, kwani Periplo ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, iliwatajia wafanyabiashara bandari za Azania hadi Rhapta, ingawa huo ulikuwa mwongozo wa mabaharia na bidhaa, si wa mtembezi wa mitaani.

Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860 na kufanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, iliingia katika miongozo ya wasafiri kwa njia ya meli. Kampuni ya Union-Castle, iliyosafirisha abiria kati ya Uingereza na Afrika, ilikuwa na mwongozo wake wa kila mwaka wa Afrika Kusini na Mashariki, na kwa abiria aliyeshuka wakati meli ikipakua shehena, mji ulikuwa ni yale yaliyozunguka bandari. Mipango miji ya Waingereza, walioutawala mji baada ya Wajerumani, iliutia nguvu mtazamo huo, kwa sababu kanuni za ujenzi za miaka ya 1920 ziliugawa mji katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo iliyotengewa Waafrika. Mgeni alielekezwa katika kanda mbili za kwanza, na ya tatu akaitazama kwa mbali. Kitabu cha maelezo ya Tanganyika kilichohaririwa na Gerald Sayers mwaka 1930, kikafanyiwa toleo jipya na J. P. Moffett mwaka 1958, kilikuwa na upeo mpana zaidi, lakini nacho kiliwalenga zaidi maofisa na walowezi.

Baada ya Uhuru msomaji alibadilika zaidi kuliko ramani. Geoff Crowther alitoa mwaka 1977 mwongozo wa kusafiri Afrika kwa gharama ndogo kupitia Lonely Planet, na Philip Briggs akafuata mwaka 1993 na mwongozo wa Tanzania wa Bradt; vijana wenye mabegi mgongoni wakachukua nafasi ya abiria wa meli. Hata hivyo, miongozo ya namna hii imeendelea kukaa katikati ya jiji, Makumbusho ya Taifa na Oysterbay, ikagusa hoteli za ufukwe wa kaskazini, kisha ikaruka hadi magofu ya Kaole na Bagamoyo. Bunju, eneo la kaskazini mwa jiji lililo kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, hupitwa dirishani.

Ni kosa kudhani kwamba sehemu isiyoandikwa haina mwongozo. Mkazi wa Bunju husoma jiji kwa vituo vya daladala, na vituo hivyo vimebeba historia ambayo vitabu havina: Africana ni jina la hoteli ya kitalii lililogeuka kituo, Tegeta Nyuki na Boko Basihaya hutofautisha sehemu ambazo mgeni angeziona kuwa moja, na asiyejua tofauti ya Bunju A na Bunju B huongezewa safari bila kupenda. Maarifa haya hukaa vichwani mwa makondakta na waendesha bodaboda, na husahihishwa kila siku, jambo ambalo kitabu hakiliwezi.

Uandishi wa maeneo ya pembezoni mwa jiji ulianza kwa sababu nyingine kabisa. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi kuchora mitaa katika OpenStreetMap, yaani ramani huru ya mtandaoni inayoweza kuhaririwa na yeyote, ili kukabili mafuriko. Kisha Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ikazipa barabara majina na nyumba namba. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wachapishaji wa Kiswahili wanaotafuta wasomaji miongoni mwa watu hao wawafikirie wanaohamia Bunju kutoka Mwanza au Mbeya, ambao hadi leo hawajaandikiwa mwongozo wao.