Mimea ya kudumu ya kivulini (pwani ya Afrika Mashariki)

Mimea ya kudumu ya kivulini ni mimea inayoishi zaidi ya miaka miwili na kustawi pasipopigwa na jua kali. Katika pwani ya Afrika Mashariki hupandwa chini ya miembe, minazi na miarobaini, na kandokando ya kuta.

Kupima kivuli

Kabla ya kuchagua mmea, pima kivuli. Saa sita mchana, nyosha mkono juu ya karatasi nyeupe. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo zilizo wazi, mwanga ni mwingi; kingo zikififia, mwanga ni wa wastani; kisipoonekana, mahali hapo pana kivuli kizito.

Kivuli cha ukuta hufuata msimu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na ukuta wa kusini hukaa kivulini. Desemba jua huhamia kusini na kuupiga ukuta huohuo. Mmea uliostawi hapo Juni unaweza kuungua majani Desemba, kwa hiyo bustani ichunguzwe misimu yote miwili.

Mimea inayofaa

*Kivuli kizito na kikavu:* Zamioculcas zamiifolia, wenye asili ya Kenya hadi Afrika Kusini, huhifadhi maji katika shina nono lililo chini ya ardhi. Huvumilia kiangazi, lakini huoza ukinyweshewa kupita kiasi. Mikonge ya porini (Sansevieria) nayo hufaa.

*Kivuli cha wastani chenye unyevu:* kangaga, Impatiens walleriana, tangawizi na manjano. Majani ya manjano hukauka kiangazi, ila tunguu hubaki hai na kuchipua mvua zikirudi.

*Vyungu barazani:* urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani mjini Tanga, aliupeleka kwao; mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Hupenda hewa yenye unyevu na udongo usiotuamisha maji.

Upandaji

Wakati mzuri ni mwanzo wa masika. Chini ya mwembe, mizizi ya mti hunyang'anya maji na rutuba. Chimba mashimo madogo katikati ya mizizi mikubwa bila kuikata, weka samadi iliyooza, kisha tandaza majani makavu. Matandazo yasigusane na shina la mti, lisije likaoza.

Tahadhari

Magimbi mabichi na Dieffenbachia vina fuwele za kalisiamu oksaleti, zinazowasha na kuvimbisha mdomo na koo. Visipandwe wanapochezea watoto wadogo.

Urujuani wa mwituni unapungua kwa sababu misitu yake inafyekwa, hivyo usichimbwe porini. Jani moja la mmea wa kitaluni, likichomekwa kikonyo chake kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, hutoa mizizi na miche mipya.