Umeme wa Bendera na daftari la majina



Ukitoka Fizi kwa barabara ya Lulimba kuelekea Kalemie, utafika mahali panaitwa Bendera. Hapo mto Kyimbi unashuka kwa nguvu kutoka milimani, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabeleji walijenga santrali ya umeme ya megawati 17 hivi. Nyaya zake zilielekezwa kusini mpaka Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, kwa ajili ya viwanda kama Filtisaf iliyokuwa inafuma vitambaa. Upande wetu wa Fizi umeme huo haukuja. Ukiwa Baraka saa mbili ya usiku, mwanga unaouona ni wa sola, wa jenereta ao wa simu.

Tarehe 29 Juni 1965 waasi wa Simba, pamoja na Wanyarwanda na Wakuba waliokuja na Che Guevara, walishambulia kambi ya jeshi iliyokuwa inalinda santrali hiyo. Che alikuwa amevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa nne wa mwaka ule, ila siku ya Bendera hakuwa kwenye mapigano. Shambulio lilishindwa na Wakuba wanne wakafa. Walikuwa wamekatazwa kubeba karatasi yoyote, lakini mmoja wao alikuwa na daftari ambamo aliandika mambo yake ya kila siku, na adui wakaiokota. Mpaka siku ile kuwepo kwa Wakuba Kongo kulikuwa siri. Kisha hapo, serikali na Wamarekani waliokuwa wanaisaidia walikuwa na ushahidi mkononi.

Wazee wa kwetu wanaosimulia vita ile wanapenda kuongea juu ya dawa ya Mulele na juu ya ndege. Sisi safari hii tunashika ile daftari, juu mabishano ambayo yamegawa mikutano yetu ya mwisho ni mabishano ya daftari.

Wote mnayajua, ila wafadhili wengine hawajui, kwa hiyo tuyaeleze. Chama kimepata ahadi ya plake za sola za nyumbani na mbabula zinazokula makala kidogo. Ni msaada mzuri na tunaushukuru. Ili uje, inaombwa liste ya familia: jina, picha, nambari ya telefone, nambari ya karte ya uchaguzi, kijiji cha asili, idadi ya watoto, nani mgonjwa, nani mjane, nani anapata feza kutoka nje na ngapi. Sehemu moja ya wanamemba wanasema tuandike yote, giza limetuchosha. Wengine wanasema jina na nyumba yatosha. Mama mmoja alisimama akasema: "Mimi sikatae plake. Nakataa tu waniulize nani ananitumiaka feza." Baba mmoja akamjibu kwamba mwenye kukosa kitu cha kuficha haogopi kuandikwa. Mama akamuuliza: "Na weye, mlango yako unaifungaka usiku juu ya nini?" Watu walicheka, lakini hakuna aliyejibu.

Swali hilo si jipya katika nchi hii. Kwa dekreti ya 1910 wakoloni walimfunga kila mtu kwenye sheferi yake: jina lake liliandikwa pale, na kuondoka kwa muda mrefu kulihitaji karatasi ya ruhusa. Baadaye, mwaka wa 1948, wakaleta karte ya mérite civique kwa wale waliowaita waliostaarabika, na mwaka wa 1952 wakaongeza immatriculation, iliyokuwa ngumu zaidi. Faida zilikuwepo. Mwenye karte hakupigwa tena fimbo, na aliweza kupita mtaa wa wazungu baada ya saa kumi na mbili ya jioni. Lakini ili kuipata, watu wa komisio walikuja nyumbani. Walitazama jikoni, walitazama choo, walihesabu uma na vijiko, waliuliza kama baba anakula meza moja na mke wake na watoto. Katika nchi ya watu karibu milioni 14, waliopata zile karte mpaka karibu na uhuru hawakufika elfu mbili. Wengi hawakuomba kabisa, na tunafikiri aibu ya kufunguliwa sufuria na mgeni ilikuwa sababu moja kubwa.

Tunakumbusha hilo kwa sababu vijana wetu wanaamini maswali ya ndani ya nyumba yalianza na mashirika. Hapana. Yalianza na serikali, na hayakuwa ya kumsaidia mtu. Yalikuwa ya kumpima.

Kisha vita. Uvira ilianguka mwezi wa kumi 1996, na sisi tulivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo, Lugufu mwaka uliofuata. Pale ndipo makala tulijifunza kuiita mkaa, na pale ndipo tulielewa vile kuni na msaada ni kitu kimoja. Rasheni ilikuwa mahindi, maharage ao dengu, mafuta, chumvi. Maharage hayaivi kwa kuyaangalia. Moto haukuwa ndani ya rasheni. Kwa hiyo sehemu ya unga iliuzwa ili kununua kuni, sehemu nyingine ya mahindi ililipa mashine ya kusaga, na kilichobaki njo kiliingia sufuriani. Mwenye kukosa cha kuuza alienda porini. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 ilitufunga kambini, na kutoka kwetu bila ruhusa kulihesabiwa kwa kilomita nne. Kuni za karibu zilikwisha miaka ya kwanza. Wamama na mabinti walipita mpaka huo kila wiki, wakakutana na wenyeji wenye hasira juu ya msitu wao, na wakakutana pia na watu wabaya. Mambo yaliyowapata wengine hayakuandikwa popote. Waliyanyamazia kwa sababu mwenye kuyasema angeandikwa, na daftari ya kambi ilikuwa na macho mengi.

Tulijua thamani ya kadi ya rasheni pia. Ilikuwa chakula, ilikuwa dispansari, ilikuwa jina la mtoto kwenye safari ya Marekani ao Australia. Familia zilijifunza kuongea kufuatana na kadi: nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa lini. Hatuandiki hilo kwa kumlaumu mtu. Mtu akiishi miaka ishirini ndani ya karatasi, maisha yake yanachukua sura ya karatasi. Mwishoni mwa 2016 PAM ilijaribu kuwapa sehemu ya wakimbizi wa Nyarugusu feza pahali pa chakula, na wengi walifurahi, kwa kuwa mwenye feza ananunua kuni bila kumwambia mtu. Mwaka wa 2017 serikali ya Tanzania ikasimamisha mpango huo.

Wakati huo huo karatasi ilikuwa inageuka kidole. Mwaka wa 2013 HCR ilijaribu kule Dzaleka, Malawi, ambako ndugu zetu Wakongomani ni wengi, mashine ya kuchukua alama za vidole na mboni ya jicho. Baadaye ikaenda nchi nyingi. Lazima tuseme ukweli wote hapa, kwa sababu kati yetu kuna wenye kuisema mashine vibaya tu. Uganda mwaka wa 2018, wakimbizi walihesabiwa upya kwa mashine hiyo, baada ya kashfa ya majina hewa. Vitabu vilikuwa vinasema milioni 1.4, wakakutwa milioni 1.1 hivi. Chakula cha watu wasiokuwepo kilikuwa kinaliwa na mtu, na mtu huyo hakuwa mkimbizi. Kwa hiyo anayetaka liste safi ana sababu, hasa leo ambapo misaada imepungua. Mwaka wa 2023 rasheni ya wenzetu waliobaki Nyarugusu ilishushwa mpaka nusu. Mfadhili akitoa kidogo, anataka kujua kimefika kwa nani. Hiyo si dharau.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka wa 2021 Human Rights Watch ilionyesha kwamba habari za Warohingya zilizochukuliwa na HCR kule Bangladesh zilipitishwa mpaka kwa serikali ya Myanmar, ile ile iliyowakimbiza, na wengi wao hawakuelewa walichokubali walipoweka kidole. Mwezi wa kwanza 2022, wezi wa kompyuta waliingia katika habari za Msalaba Mwekundu na kufikia majina ya watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu gani? Waliopotezana na jamaa zao kwa vita na kukimbia. Ni huduma ile ile ambayo wengi wetu tuliitumia kutafuta mama, kaka, mtoto. Hakuna anayesema Msalaba Mwekundu ni wabaya. Walikuwa na nia njema na wakaibiwa.

Kwetu Kivu jambo hili lina uzito wake wa pekee. Safu ya "kijiji cha asili" inaonekana ndogo kwa mtu aliyeketi ofisini mbali. Hapa, kijiji cha asili ni kabila, na kabila imekuwa sababu ya kufa. Sheria ya uraia ya 1981, na kazi ya kutambua nani ni Mzairwa iliyoanzishwa Kivu mwaka wa 1991, ziliacha sumu ambayo mpaka leo haijaisha. Ndani ya chama chetu kuna Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Wabuyu, Wanyamulenge na wengine, na tunakaa kwenye benchi moja. Tumefika hapo polepole. Liste yenye safu ile, ikianguka mikononi mwa kundi lenye silaha, inajua njia ya kila nyumba. Na tangu 1996 mji huu umebadilisha wenye bunduki mara ngapi? Kila mmoja ahesabu mwenyewe.

Wengine watauliza: serikali iko wapi? Katiba ya 2006 inatupa vyote viwili. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu na mawasiliano yake. Kifungu cha 48 kinasema haki ya kupata maji safi na umeme inalindwa. Sheria ya 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa watu binafsi, na SNEL haibaki peke yake tena. Kodi ya numérique ya Machi 2023 inasema habari za mtu zichukuliwe kwa sababu inayojulikana na kwa ruhusa yake. Karatasi ni nzuri. Ila nchi ambayo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka wa 1984, ambako karte ya uchaguzi njo imekuwa kitambulisho kwa karibu miaka ishirini, inaacha kazi ya kuhesabu kwa kila anayekuja na gari na kompyuta. Katika lokalité zetu tunaandikwa mara tatu, mara nne kwa mwaka, na kila aliyeandika anaondoka na daftari yake. Mwaka mmoja shirika fulani lilibandika majina ya waliopata feza, pamoja na kiasi, kwenye ukuta wa soko. Ilifanywa kwa ajili ya uwazi. Juma hilo nyumba mbili zilivunjwa usiku.

Plake ya sola yenyewe haifichiki. Iko juu ya bati, kila mtu anaiona, mwizi pia. Hiyo siri tayari imetoka, na tunakubali. Ndiyo maana hatuoni sababu ya kuongeza zingine ambazo plake haihitaji ili iwake. Mbabula nayo haiulizi kama mtoto wako yuko Kigoma ao Texas.

Hapo njo mgawanyiko wa kweli uko, na tuuseme wazi kwa sababu katika mkutano ulisemwa kwa mafumbo. Wenye jamaa Ulaya na Marekani wanaogopa kuandika feza wanazotumiwa, kwa kuwa wataondolewa kwenye liste. Wasio na mtu nje wanaona huko kuficha ni kuwaibia. Wote wawili wana haki kidogo. Feza ya nje haiji kila mwezi. Inakuja kwa matanga na kwa minerval ya shule, kisha inakauka miezi sita. Lakini mjane asiye na mtu yeyote anapika na mabua, na yeye njo anapaswa kuwa wa kwanza. Kumjua huyo hakuhitaji safu zote hizo. Wajirani wanamjua. Komite za lokalité zinaweza kumtaja mbele ya watu, mdomoni, na mtu wa kupinga akapinga papo hapo.

Komite yetu imeandika pendekezo. Liste itakuwa na jina, lokalité, idadi ya watu nyumbani na alama ya nani wa kwanza. Kijiji cha asili, ugonjwa na feza za nje zitatoka. Nambari ya telefone itaandikwa kwa anayetaka. Nakala kamili itakaa kwa sekretere na mweka-hazina, kila mmoja na ufunguo wake, na mfadhili akitaka kuhakikisha atakuja kuisoma hapa, ao atachagua nyumba kwa kura na kuzitembelea, kama mwenyewe atamkaribisha. Mwaka mmoja baada ya plake ya mwisho kugawanywa, liste inachomwa mbele ya mkutano.

Tumemtumia mfadhili barua hiyo. Amejibu kwa heshima kwamba safu ya feza za nje ni ngumu kuitoa, kwa sababu wanaompa yeye feza wanaiuliza. Tutaongea naye tena. Wanamemba wa Baraka, Lusenda na Mboko walete majibu ya lokalité zao kwenye mkutano ujao, na kila mmoja aseme kwa mdomo wake: plake chache bila ile safu, ao plake zote pamoja nayo. Kura itakuwa ya siri.