Uamuzi wa Akili Mnemba katika Magari Yajiendeshayo

Magari yajiendeshayo ni yale ambayo usukani, breki na mwendo wake hutawaliwa na kompyuta badala ya dereva. Jumuiya ya wahandisi iitwayo SAE, ya Marekani, imeyapanga katika daraja 6, kuanzia 0, ambapo dereva hufanya kila kitu, hadi 5, ambapo hahitajiki kabisa. Katika mashaka yanayoukabili uamuzi wa magari haya, lililo zito kuliko yote ni utambuzi, kwani mashine haiwezi kutoa hukumu iliyo sahihi juu ya jambo isilolijua ni nini.

Namna ya uamuzi

Gari hutazama kwa kamera, rada na miale ya leza; kompyuta hukipa kila kilicho mbele jina lake, hukisia kitaelekea wapi, kisha huchagua njia na mwendo. Maadamu utambuzi huo umefunzwa kwa mifano mingi, wala haukuandikwa kanuni kwa kanuni, waundaji wenyewe aghalabu hushindwa kueleza kwa nini gari limeamua hivi na si vile.

Ajali ya Tempe

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber, aina ya Volvo XC90, lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli, mahali pasipo kivuko. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, ulibainisha kwamba mitambo ilikwisha kumwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, ila ilimdhania mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipogeuza dhana yake iliitupa kumbukumbu ya mwendo wa awali wa mwanamke huyo, hata isiweze kukadiria aendako. Programu haikuandaliwa kabisa kufikiri kwamba mwenda kwa miguu aweza kuvuka pasipo kivuko. Juu ya hayo, ili gari lisishike breki ovyo kwa kuhofia yasiyokuwapo, wahandisi walikuwa wameiwekea kompyuta sekunde 1 ya kungoja kabla ya kuchukua hatua ya dharura, ilhali breki za dharura za Volvo yenyewe zilikuwa zimezimwa. Msimamizi aliyeketi usukanini alikuwa akitazama simu yake. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai; msimamizi alikiri kosa la kuhatarisha maisha mwaka 2023, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3.

Ajali ya San Francisco

Tarehe 2 Oktoba 2023, mtu aliyekwisha kugongwa na gari lenye dereva alirushwa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilo na dereva, nalo likamgonga, likasimama, kisha, kwa kudhani kuwa limegongwa ubavuni, likajisogeza pembeni ya barabara kama lilivyofunzwa, likimburura takriban mita 6. Jimbo la California liliisimamishia kampuni hiyo kibali mwezi huohuo.

Suala la maadili

Wanafalsafa hupenda kuuliza gari limwokoe nani pale ambapo kifo cha mmoja hakiepukiki, suala litokanalo na mfano wa behewa linaloelekea kuwagonga watu, alioutoa Philippa Foot wa Uingereza mwaka 1967. Chuo cha MIT kilikusanya takriban hukumu milioni 40 za watu wa duniani kote juu ya suala hilo, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba mataifa hayakubaliani. Tume ya maadili ya Ujerumani, katika kanuni zake 20 za mwaka 2017, ilikataza kuwabagua watu kwa umri, jinsia au hali ya mwili. Hata hivyo, ajali zilizoelezwa hapo juu hazikutokana na uchaguzi wa namna hiyo.

Hali ya sasa

Ujerumani ilitunga sheria ya magari ya daraja la 4 mwaka 2021. Nchini Marekani, kampuni ya Waymo huchukua abiria wa kulipa bila dereva katika miji kadhaa, Phoenix na San Francisco ikiwamo.